Mdahalo wa snuka: usianze na pesa

Ndugu, nimekuelewa: umepangiwa kutetea hoja kwamba ubingwa wa dunia wa snuka (mchezo wa mezani wa kugonga mipira kwa fimbo) uhamie nchi nyingine, ilhali moyoni hutaki uondoke Sheffield, Uingereza. Usihofu. Nami niliwahi kupewa upande nisioupenda, nikaanza na pesa, nikazomewa.

Wewe anza na ukumbi wenyewe. Crucible, ukumbi wa huko Sheffield, umeandaa mashindano haya tangu 1977, na hauingizi hata watu 1,000. Meza mbili zinabanana, katikati kiambaza tu. Mchezaji ameinama kulenga mpira mweusi, mara makofi yanalipuka upande wa pili, anainuka aanze upya. Kufika nusu fainali kiambaza huondolewa, inabaki meza moja. Hapo ndipo penye utamu wa Crucible, na hapo ndipo mpinzani wako atakapokukaba. Jiandae.

Kisha ilete China: 2025 Zhao Xintong alikuwa Mchina wa kwanza kutwaa taji. Ukiambiwa habari za mila, jibu kwamba 1975 fainali ilichezwa Australia, Ray Reardon akamshinda Eddie Charlton 31–30.

Mimi ningetetea kupokezana wenyeji badala ya kuhama jumla (ni rahisi zaidi, wallahi), ila soma kwanza maneno ya hoja yako kama yanaruhusu.

Tahadhari moja: habari za mikataba hubadilika. Usitaje kwa kumbukumbu mwaka ambao mkataba wa Crucible utaisha. Pitia tangazo la waandaaji asubuhi ya mdahalo, au muulize mwandishi wa michezo.