Kilaze Chuma Kifuani, Usikidundishe

Mashindano yangu ya kwanza ya pawaliftingi, mchezo wa minyanyuo mitatu (skwati, kuchuchumaa na chuma mabegani; benchi presi, kukisukuma ukiwa umelala chali; na dedilifti, kukiinua kutoka sakafuni), niliyamaliza bila jumla, yaani bila kilo za minyanyuo yote mitatu zikijumlishwa. Skwati zote tatu zilikwenda vizuri, lakini benchi presi ndiyo iliyonimaliza. Nilianza na kilo 100, uzito ambao jimu nilikuwa nausukuma mara nne mfululizo bila shida. Jaribio la kwanza, chuma kilipogusa tu kifua nikakirudisha juu kama nilivyozoea, kabla mwamuzi hajatoa amri ya kusukuma. Taa tatu nyekundu, yaani waamuzi wote watatu wamelikataa. La pili nikasubiri amri, lakini huku nikisubiri kifua kikanywea, chuma kikazama, na amri ilipokuja hakikupanda hata sentimita tano. La tatu nilikisukuma mpaka juu kwa nguvu zangu zote, ila makalio yaliachana na benchi. Nyekundu tena. Katika mchezo huu huruhusiwi kupunguza uzito ukishakosa, na ukikosa majaribio yote matatu ya mnyanyuo mmoja huna jumla, hata kama dedilifti yako ni ya kuwashinda wote.

Nilikaa na matokeo yale wiki nzima nikitafuta sababu tatu za makosa matatu. Mwisho nikaona kwamba sababu ilikuwa moja. Sikujua la kufanya chuma kikiwa kifuani. Nilijua kukishusha na nilijua kukisukuma. Ile nafasi ya katikati, pale chuma kinapokutana na mwili, sikuwahi kuifanyia mazoezi hata siku moja. Tangu hapo ndiyo ninayoifanyia kazi kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo ninayotaka kukueleza leo.

Kwanza kanuni, kwa kifupi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPF, linataka ukishushe chuma hadi kiguse kifua au eneo la tumbo, bila kugusa mkanda, kisha kitulie kabisa. Hapo ndipo mwamuzi mkuu anatoa amri ya kusukuma. Hakuna idadi ya sekunde iliyoandikwa. Kikitulia mapema, amri inakuja mapema. Kikitetemeka au kikiendelea kuzama, utasubiri. Na kikishatulia, ukikizamisha zaidi kifuani ili upate msukumo, jaribio limeharibika. Waamuzi ni watatu, na taa mbili nyeupe zinatosha.

Sasa, kwa nini kilo 100 za jimu hazikuwa kilo 100 za mashindano? Kwa sababu nilikuwa nakidundisha chuma. Misuli ikivutwa kwa haraka kisha ikageuza mwelekeo papo hapo, hurudisha sehemu ya nguvu iliyojihifadhi ndani yake na katika kano, mfano wa mpira unaovutwa na kuachiwa. Ukisimama chini, nguvu hiyo inapotea kidogo kidogo kadiri unavyosubiri. Mimi nilikuwa naongeza na mdundo wa mbavu juu yake. Nilipojipima kwa uaminifu, chuma kikiwa kimetulia kifuani, nilisukuma kilo 92.5 tu. Iliniuma, lakini hicho ndicho kilikuwa kipimo changu cha kweli tangu mwanzo.

Tuanze na mahali pa kugusa, maana hapa watu wanapoteza kilo nyingi bila kujua. Wapo wanaoshusha chuma karibu na shingo huku viwiko vimetanuka kama mbawa; mabega yao yanalipa gharama baadaye. Wapo waliosikia kwamba viwiko vibanwe ubavuni, wakavibana mpaka chuma kinatua juu ya kitovu. Kwa wengi wetu mahali pazuri ni sehemu ya chini ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya chembe cha moyo. Nasema kwa wengi, si kwa wote. Anayeshika chuma kwa upana atagusa juu zaidi kidogo, na anayeshika kwa wembamba atagusa chini zaidi. Kanuni zinaruhusu upana usiozidi sentimita 81 kati ya vidole vya shahada, na chuma cha mashindano kina alama ya kukuonyesha mpaka huo.

Kipimo ninachokiamini ni mikono yenyewe. Mwombe mtu akupige video ukiwa umeshusha uzito mdogo, mara moja kutoka ubavuni na mara moja kutoka upande wa miguu. Chuma kikiwa kimegusa, mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo uwe umesimama wima katika picha zote mbili, kiwiko kikiwa chini ya chuma. Kiwiko kikitangulia kuelekea miguuni, umegusa juu mno au umebana mno. Kikibaki nyuma kuelekea kichwani, umegusa chini mno. Pale mkono unaposimama wima ndipo mahali pako, hata kama si mahali pa rafiki yako.

Ukishapajua, lazima upagonge hapo hapo kila mara, na hili ndilo lililonitoa jasho. Nilijaribu njia moja rahisi: nikapaka chaki nyingi katikati ya chuma, nikavaa fulana nyeusi, nikafanya seti ya marudio matano. Nilipoinuka, fulana ilikuwa na mistari mitano iliyotawanyika upana wa karibu vidole vinne. Mimi niliyedhani nina mtindo mmoja nilikuwa na mitindo mitano. Kila mstari maana yake ni pembe tofauti ya kiwiko, njia tofauti ya kupanda, na mzigo tofauti kwa bega. Fanya jaribio hili kabla hujabadilisha chochote, kisha lirudie baada ya mwezi. Siku mistari yangu ilipokuwa mmoja mnene, nilijua kazi inakwenda.

Kilichoikusanya mistari ile ni namna ya kushusha. Nilikuwa naliachia lile dude lishuke lenyewe, nikilipokea chini. Sasa nakivuta chuma kuja kifuani, kwa misuli mipana ya mgongo, kama mtu anayevuta kasia kuelekea tumboni. Kabla ya kukitoa kwenye nguzo nakusanya makombe ya mabega, nayarudisha nyuma na kuyateremsha kuelekea kiunoni, kisha siyaachii mpaka seti iishe. Kifua nakiinua kukipokea chuma. Mwendo usiwe wa kobe pia. Ukichukua sekunde nne kushuka na uzito mkubwa, nguvu utaziacha njiani. Mimi nashuka kwa sekunde moja na nusu hivi, na sentimita chache za mwisho ndizo za upole zaidi.

Halafu mguso wenyewe. Kilaze pale kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia mgongoni: amegusa kitanda, lakini mikono yako bado imembeba. Chuma kiguse fulana, mzigo ubaki mikononi na mgongoni. Ukiona umeanza kupumzika juu ya mbavu, umeshauacha mzigo, na kuuchukua tena kutoka kimya cha namna hiyo ni kazi mara mbili. Jaribio langu la pili la siku ile lilikufa hapo hapo. Nilikitua chuma na mwili wangu wote ukalegea ukisubiri sauti ya mwamuzi.

Sababu nyingine ya kunywea ni pumzi, na hii niliigundua kwa video tu. Nilikuwa natoa pumzi chuma kinapogusa. Kifua kilichojaa hewa kiko juu. Kikitoka hewa kinashuka, na chuma kinashuka nacho. Mwamuzi akiona kinaendelea kushuka hatoi amri, na kikishuka baada ya kuwa kimetulia atawasha nyekundu. Kwa hiyo nachukua pumzi kubwa juu, mikono ikiwa imenyooka, nazuia, nashuka, nasubiri, nasukuma, na nafungua pumzi nikiwa nimeshapita sehemu ngumu. Mwenye shinikizo la damu aongee na daktari wake kabla ya kuzoea kuzuia pumzi chini ya uzito, tafadhali.

Miguu nayo ina sehemu yake, ingawa watu wanaielewa vibaya. Wengi husubiri amri ndipo wapige teke, na matokeo yake ni makalio kuruka, kama yangu katika jaribio la tatu. Nyayo ziwe zimekaza sakafu tangu chuma kikiwa juu, nguvu ikielekea kukusukuma kwenda upande wa kichwa, si kwenda darini. Mkazo huo hauzimwi chuma kinapotulia. Amri ikija unauongeza tu. Nilichukua wiki kadhaa kuhisi tofauti, na kilichonisaidia ni kurudisha miguu nyuma kidogo kuliko nilivyozoea, nyayo nzima ikibaki chini.

Lakini miguu isikupe kisingizio. Katika Michezo ya Paralimpiki mnyanyuo pekee ni benchi presi. Wanamichezo hulala na miguu juu ya benchi lenyewe, na chuma lazima kionekane kimesimama kifuani kabla ya kusukumwa. Siamand Rahman wa Iran alisukuma kilo 310 kwa namna hiyo Rio de Janeiro mwaka 2016. Nimeitazama video ile mara nyingi, na kila mara jicho langu linabaki pale chini, kwenye utulivu wa chuma.

Kupanda nako kuna jambo moja tu ninalotaka kusema. Ukigusa chini ya kidari, chuma kiko mbele ya bega, na umbali ule ni wenzo unaokuelemea. Kwa hiyo njia ya juu si wima. Ni mshazari, ukirudi kuelekea usawa wa mabega mapema. Ukisukuma wima kutoka kifuani, unaubeba wenzo huo mrefu njia nzima, kisha unashangaa kwa nini unakwama katikati.

Nimeulizwa mara nyingi: kuna haja gani ya kugusa, kwa nini nisiishie ngumi moja juu ya kifua? Kama bega lako lina jeraha na mtaalamu wa tiba amekuwekea mpaka, fuata mpaka huo. Kama hushindani na unapenda hivyo, ni mwili wako. Ila kwa anayetaka kushindana, ile nafasi unayoiruka ndiyo mtihani wenyewe. Na kuna faida nyingine: kifua ni kipimo kisichodanganya. Anayeishia hewani, uzito ukiongezeka hewa nayo huongezeka, na hajui kama amepata nguvu au amefupisha njia tu.

Kuhusu kupinda mgongo, sina ugomvi nako. Kunainua kifua, kunakaza makombe ya mabega na ni halali, mradi kichwa, mabega na makalio vibaki kwenye benchi. Tangu mwaka 2023 IPF wameongeza sharti kwamba chuma kikiwa chini, upande wa chini wa viwiko ufike usawa wa juu wa kiungo cha bega au chini zaidi. Basi jipige video na hilo pia ulipime mapema.

Mazoezi yangu yalikuwa ya kuchosha akili kuliko mwili. Nilirudi kilo 65. Siku mbili kwa wiki nilisukuma seti tano za marudio matatu, kila rudio likitulia kifuani sekunde tatu kamili, na nikaongeza kilo 2.5 pale tu chuma kilipokuwa hakitikisiki. Baada ya wiki sita nilimwomba mwenzangu asimame upande wa kichwa changu na kutoa amri kama mwamuzi, kwa muda asioniambia. Wakati mwingine alitoa mara moja, wakati mwingine alinisubirisha mpaka nikataka kukata tamaa. Hiyo ndiyo iliyoniponya tabia ya kuhesabu. Ukihesabu kichwani utasukuma kwa hesabu yako, na mwamuzi ana yake.

Tafadhali usifanye haya peke yako bila vizuizi vya chuma pembeni. Kusubiri kifuani maana yake siku moja utasubiri na hutaweza kukiinua. Kidole gumba kizunguke chuma kila mara. Mashindanoni ni lazima, na nyumbani ndicho kinachozuia chuma kisikuteleze kikakuangukia.

Miezi saba baadaye nilirudi ukumbini. Safari hii nilianza na kilo 90, uzito ambao ningeweza kuutuliza hata siku mbaya. Taa tatu nyeupe. Kilo 97.5, nyeupe tatu. La tatu niliomba 102.5. Nilikivuta chini, kikagusa, nikahisi chaki ikigusana na fulana mahali pale pale pa siku zote. Mwamuzi alichelewa. Nakumbuka niliusikia ukumbi mzima, viti, mtu akikohoa, na mgongo wangu ukiwa bado umekibeba chuma. Kisha sauti ikaja, nikasukuma nyuma kuelekea mabegani. Kilikwama kidogo juu ya nusu, kikapita, nikasubiri amri ya kurudisha. Mbili nyeupe, moja nyekundu. Nilikwenda kumuuliza mwamuzi wa kulia aliyewasha nyekundu, naye akaniambia kisigino cha kushoto kiliinuka sakafuni. Wiki iliyofuata nilianza kufanyia kazi mguu wa kushoto.