Historia ya Ulaya Advansi: fuata hela ya mfalme

"Kaka shikamoo. Niko kidato cha tano, HGL (Historia, Jiografia na Lugha ya Kiingereza). Pepa ya Afrika naiweza, ila hii ya Ulaya inaniua. Kila kukicha mfalme mpya, kila kukicha mapinduzi. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hadharani kwa sababu najua mko wengi, na pia kwa sababu swali lako limenigusa pabaya.

Mimi mwenyewe ni mtu wa HGL. Nilipopangiwa, mjomba wangu mmoja aliuliza mbele ya wageni kama sayansi ndiyo ilinikataa au mimi ndiye niliyeikataa. Nikameza. Shuleni nako tulikuwa na mwalimu anayeingia na daftari lililochakaa, anasoma, sisi tunaandika: sababu za Mapinduzi ya Ufaransa, pointi ya kwanza mpaka ya kumi. Siku moja nikanyoosha mkono nikamuuliza, kwa nini 1789 na siyo 1750, maana ukabaila ulikuwepo miaka yote? Akanitazama, akasema, "Wewe unataka kufaulu au unataka kuwa Mfaransa?" Darasa zima likaangua kicheko. Miaka imepita, kicheko kile bado nakisikia. Mkeka wa kidato cha sita ulipotoka nilikuwa na A ya Historia, na nilitamani sana niuone uso wake siku ile.

Sasa swali lile alilolikwepa ndilo nililolifanya ufunguo wa pepa nzima. Kwa nini mwaka ule?

Kwa sababu hazina ilikuwa tupu. Louis wa 16 alikuwa amewasaidia Wamarekani kupigana na Waingereza, madeni yakalundikana. Makasisi na makabaila walikuwa wamesamehewa sehemu kubwa ya kodi, kwa hiyo mzigo ulimwangukia aliyebaki. Mavuno ya 1788 yakawa mabaya, bei ya mkate ikapanda. Mfalme akalazimika kuitisha baraza la matabaka matatu (makasisi, makabaila, na wengine wote waliobaki), ambalo halikuwa limekutana tangu 1614! Mfalme aliyefilisika ni kama yule ndugu yako anayekumbuka kuitisha kikao cha ukoo siku madeni yamemfika shingoni. Akishawaita, hawezi tena kuwapangia cha kusema.

Baraza likafunguliwa Versailles, mji wa kasri la mfalme, tarehe 5 Mei 1789, na ugomvi ukaanzia kwenye kura. Tabaka la tatu lilikuwa na wajumbe karibu sawa na matabaka mengine mawili yakijumlishwa, lakini kwa utaratibu wa zamani kila tabaka lilikuwa na kura moja. Maana yake mbili kwa moja, kila siku. Tarehe 17 Juni wakajitangaza kuwa Bunge la Taifa. Siku tatu baadaye wakakuta ukumbi wao umefungwa, wakaingia kwenye uwanja wa ndani wa tenisi wakala kiapo cha kutotawanyika mpaka nchi ipate katiba. Tarehe 14 Julai watu wa Paris wakaivamia Bastille, ngome iliyokuwa gereza. Wengi wanaandika kwamba watu walikwenda kukomboa wafungwa. Mle ndani walikuwamo wafungwa saba tu. Watu walikuwa wameshapata bunduki asubuhi ile, wakawa wanatafuta baruti. Andika hilo kwenye insha yako uone kama msahihishaji hatainua kichwa.

Ukishaiona Ufaransa hivyo, rudi Uingereza. Charles wa Kwanza alitawala bila Bunge kuanzia 1629 hadi 1640, akikusanya pesa kwa njia za kichochoro. Vita na Waskoti vikamkausha, akaliita Bunge, na Bunge likataka mengi. Mwaka 1642 vita kati yake na Bunge, Januari 1649 akakatwa kichwa. Mwaka 1689 ikaandikwa kwamba mfalme hatozi kodi bila idhini ya Bunge. Hiyo ndiyo mada yako ya demokrasia, dogo: nani anaidhinisha kodi. Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule, mwaka 1917 nako ni vita, foleni za mkate, na wanawake waliochoka kupanga foleni wakaingia barabarani. (Angalia kalenda: Warusi walikuwa bado kwenye kalenda ya zamani, kwa hiyo Mapinduzi yao ya Oktoba mwaka huohuo kwetu yanaangukia Novemba.)

Ubepari usiutenganishe na hayo. Wakulima walifukuzwa kwenye ardhi, ardhi ikazungushiwa uzio, biashara ya ng'ambo na ya watumwa ikajaza mifuko, viwanda vikaja. Likazaliwa tabaka lenye hela lakini lisilo na kauli serikalini. Mabwanyenye hao ndio utakaowakuta kila palipo na mapinduzi.

Kongamano la Vienna la 1814–1815, la kuipanga upya Ulaya baada ya vita vya Napoleon, linachosha, sikatai. Lisome mara moja, mjue Metternich, waziri wa mambo ya nje wa Austria, songa mbele.

Utaifa je? Watu wanakimbilia Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, dola ya Kijerumani, na vita vyake vitatu: Denmark 1864, Austria 1866, Ufaransa 1870. Wanasahau kwamba umoja wa forodha wa dola za Kijerumani, Zollverein, ulianza 1834, yeye akiwa bado kijana. Hela kwanza, bendera baadaye. Milki ya Ujerumani ikatangazwa Januari 1871 kwenye Ukumbi wa Vioo, Versailles, nyumbani kwa aliyeshindwa. Mkutano wa Berlin, ule wa wakubwa kuhusu kugawana Afrika, ukafungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake tu Mjerumani Karl Peters akapewa hati ya ulinzi juu ya ardhi ya babu zetu. Tarehe 28 Juni 1919, baada ya kushindwa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakarudishwa kwenye ukumbi uleule wa Versailles kusaini mkataba, wakapoteza makoloni na kubebeshwa fidia. Ndivyo Tanganyika ilivyohamia kwa Mwingereza. Halafu unaniambia Ulaya haikuhusu?

Nyinyi wa siku hizi mnasubiri madesa ya WhatsApp, mnakesha prepo mkikariri pointi ambazo hata aliyeziandika hazielewi. Acheni. Pigeni msuli wa kuuliza. Kila mada, uliza hela ilitoka wapi na nani alilipa. Tarehe zipange kwenye karatasi moja ndefu, ibandike ukutani juu ya kitanda. Usikariri pointi. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, sawa, lakini hakuna aliyekukataza kufikiri kwa Kiswahili. Na narudia, usikariri pointi.

Na wewe uliyeniandikia, chukua swali hili: je, Ujerumani iliunganishwa na Bismarck au na forodha? Andika kurasa tatu unitumie. Nitasahihisha bure. Ukiniletea pointi kumi zisizo na tarehe hata moja, nakurudishia kama ilivyo.