Mwanzo wa filamu: maneno machache kwa mnaoanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye filamu hapa Kampala, kazi nyingi mnazoniletea nizihariri zinaanza vilevile: droni juu ya jiji, alamu ya simu, jamaa anaamka anapiga mswaki, dakika mbili zimeisha na mtazamaji bado hajui anaangalia nini. Mnanipa kazi ya kukata tu.

Na yale majina ya waigizaji na watengenezaji yanayotokea filamu inapoanza nayo msiyadharau. Zamani kule Marekani kwenye majumba ya sinema yalikuwa yanapita pazia likiwa bado limefungwa, nani alijali, mpaka mbunifu wa michoro Saul Bass mwaka 1955 akayatengeneza kwa michoro ya maana na waonyeshaji wakaambiwa wafungue pazia kwanza.

Mpangilio uliozoeleka ni nembo ya kampuni, waigizaji wakuu, jina la filamu, waigizaji wengine, halafu muziki, mhariri, mpiga picha, kisha prodyuza, mwandishi, na mwongozaji ndo anafunga. Msiuvuruge ovyo maana hapo watu wanagombana kweli. Mwongozaji George Lucas aliyapeleka majina mwishoni kwenye Star Wars, na ile ya pili ilipotoka 1980 ikiwa hivyohivyo chama cha waongozaji Marekani kikapiga faini, akalipa na akajitoa chamani.

Mimi napenda zaidi tukio litangulie kabla ya jina la filamu. Tuseme ni hadithi ya boda wa Katwe mwenye deni la pikipiki. Skrini bado nyeusi, tunasikia kiki ya kuwasha pikipiki inapigwa, inagoma, inapigwa tena. Picha ya kwanza ni mkono unafuta umande kwenye siti, karibu kabisa, uso hatujauona. Ya pili ni simu inaita juu ya tenki, imeandikwa "Bosi wa pikipiki", mkono unaigeuza kifudifudi. Injini inashika, anaondoka, hapo sasa ndo unatoa shoti pana ya steji nzima ya boda na wenzake wanamwangalia, jina la filamu linatokea. Hakuna aliyefungua mdomo na tumeshajua anadaiwa na anakwepa. Ile shoti pana wengi wanaitanguliza, sawa, ni kawaida, lakini ukiichelewesha hivi inakuja na uzito.

Na huku kwetu hili ni muhimu mara mbili, maana filamu ikifika kwenye kibanda cha video, VJ, yule anayetafsiri na kusimulia filamu, ataongea juu yake kwa Luganda tangu nembo ya kwanza, ile sauti ya msimulizi uliyoiandikia kurasa mbili kueleza maisha ya jamaa itafunikwa yote, kinachobaki ni picha. Kwa hiyo zima sauti, itazame, uone kama bado inaeleweka.

Halafu kila jina lipe muda wa kusomeka taratibu, usilibandike juu ya uso wa mtu anayeongea, na kabla hujatoa kopi ya mwisho iweke kwenye simu utoke nayo nje juani uangalie herufi kama zinaonekana, wengi wataiona humo humo kwenye simu.