Plagi za pikapu: mkono kwanza, spana baadaye

Unataka kubadilisha plagi za pikapu yako mwenyewe, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini? Kabla hujanunua chochote, hakikisha pikapu yako inatumia petroli. Ya dizeli haina plagi za cheche. Zilizopo kule ni za kupasha joto tu, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kisha hesabu. Injini ya silinda nne kwa kawaida ina plagi nne, lakini si zote zinazokwenda hivyo: ile injini ya Hemi ya lita 5.7 kwenye pikapu za Ram ina silinda nane na plagi 16, mbili kwa kila silinda.

Halafu acha injini ipoe. Ipoe kweli, hadi uweze kuweka kiganja juu ya hedi, ile sehemu ya juu ya injini plagi zinamofungwa, na kukiacha hapo bila wasiwasi. Hedi nyingi za sasa ni za alumini na plagi ni ya chuma. Thredi, yaani mikato ya skrubu, za alumini zikiwa za moto huchanika kwa urahisi, na ukikaza plagi kwenye hedi ya moto huwezi kuamini kipimo chako cha kukaza. Mimi huegesha jioni, nafungua asubuhi.

Nasisitiza thredi kwa sababu ndizo zilizonifunza. Mara yangu ya kwanza, plagi tatu za mbele zilikwenda vizuri. Ya nne ilikuwa nyuma kabisa, karibu na kabini, mahali macho hayafiki. Nikaipachika kwenye soketi, nikaunga racheti, ule mpini wa kuzungushia soketi, nikaanza kuzungusha. Ikaenda nusu mzunguko ikagoma. Nikaongeza nguvu, ikaingia, nami nikafurahi. Kumbe ilikuwa imeingia upande na inajikatia njia yake yenyewe. Hedi ililazimika kuchongwa upya na kuwekewa thredi za chuma, kazi ambayo sikuweza kuifanya mwenyewe.

Tangu siku hiyo sikimbilii racheti mapema. Nachukua kipande cha mpira wa kupitishia petroli, urefu wa kama sentimita 20 hadi 30, nakibana kwenye kichwa cha plagi na kuishusha nacho shimoni. Kwanza nazungusha kinyume, polepole, hadi nisikie thredi zikidondokeana. Hapo ndipo nageuza upande wa kukaza. Plagi iliyokaa sawa huingia kwa vidole hadi mwisho. Ikienda upande, mpira unateleza juu ya plagi kabla alumini haijaumia. Racheti haina huruma hiyo: inazidisha nguvu ya mkono wako na kukuficha kinachoendelea chini.

Turudi nyuma kidogo, kwenye kufungua plagi za zamani. Kama pikapu ina waya za plagi, fungua moja, badilisha, rudisha, ndipo uende ya pili. Waya zikichanganyika, cheche zinafika silinda isiyo zamu yake, na injini itatetemeka au kukataa kuwaka. Shika kofia ya mpira, usivute waya. Kama ina koili, kile kifaa cha kuzalisha umeme wa cheche, juu ya kila plagi, bonyeza klipu kwa kidole badala ya kuichokoa na bisibisi, maana plastiki iliyozeeshwa na joto huvunjika haraka. Kabla ya kulegeza plagi, puliza shimo lake vizuri. Mchanga ulioko pale ukidondoka ndani ya silinda, pistoni itausaga kwenye kuta.

Plagi ikigoma kutoka, usishindane nayo. Ilegeze robo mzunguko, weka mafuta ya kulegeza kutu, subiri, irudishe kidogo, kisha ilegeze tena. Kwenye Ford F-150 za 2004 hadi 2008 zenye injini ya lita 5.4 yenye valvu tatu kwa silinda, plagi za asili zilijulikana kwa kukatika na kubakiza kipande ndani ya hedi. Mwenye injini hiyo asome utaratibu wake maalumu kabla ya kugusa spana.

Plagi za zamani zipange kwa namba za silinda juu ya boksi. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu injini inakueleza hali yake. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli inazidi hewa. Anza kukagua eya klina, kichujio cha hewa. Plagi iliyoloa oili kwenye ncha inaelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Oili ikiwa juu tu, ndani ya shimo, mara nyingi ni gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya valvu, na plagi mpya hazitaizuia. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kupita kiasi. Ikiwa moja tu imetofautiana na wenzake, tatizo liko kwenye silinda hiyo. Usilitafute kwenye injini nzima.

Nunua plagi yenye namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, wala usikisie kwa kufananisha. Namba ya joto, inayoonyesha plagi inapoteza joto haraka au polepole, inachanganya wengi: kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, ilhali kwa Bosch na Champion namba kubwa ni ya moto zaidi. Gepu, ule mwanya kati ya ncha mbili za plagi, ipime kwa fila, vibamba vyembamba vya kupimia. Plagi ya nikeli unaweza kuikunja kidogo ile ncha ya pembeni; ya iridiamu usiiguse katikati, ncha yake ni nyembamba na hukatika. Iliyoanguka sakafuni iweke kando hata kama unaiona nzima, kwani ufa wa kauri hauonekani kirahisi.

Kukaza, fuata kipimo cha kitabu. Usipokuwa na spana ya kupimia, plagi mpya yenye washa (pete ya chuma chini ya kichwa chake) ikaze kwa vidole hadi iguse, kisha ongeza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Isiyo na washa, yenye kiti cha mshazari, inataka sehemu moja ya 16 tu ya mzunguko. Grisi ya kuzuia kutu kwenye thredi siipaki: plagi nyingi mpya zina mipako yake, na utelezi utakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Washa injini, sikiliza. Ikimisi, yaani silinda moja ikikosa kuwaka, wakati kabla haikuwa inamisi, usianze kulaumu plagi. Zima, rudi kwenye koili au waya ya mwisho uliyogusa, ubonyeze hadi usikie klipu ikilia.