Hadithi kiporo: nilivyoimalizia baada ya miaka sita

Bwana Msa wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba moja ya Mkunazini, mjini Zanzibar, kiko mkononi, rafiki yake Najum nyuma yake, anataka kumtaja muuaji. Hapo ndipo nilipoachia, mwisho wa sura ya 11. Akabaki mlangoni miaka sita.

Nasema wangu, lakini ni wa Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi huyo katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, mwaka 1960. Mimi ni shabiki niliyemwazima, nikamtungia kesi mpya na kuwatumia wasomaji wachache sura moja kila Ijumaa, bila malipo. Kwenu mnaoanza kutunga hadithi za mashabiki, nayaandika haya kwa kuwa najua wengi mtalaza kiporo kama changu, na kila mkikikumbuka roho itawauma.

Kwa muda mrefu nilisema niliacha kwa sababu ya mitihani, kisha kazi. Si kweli. Niliacha kwa kuwa nilikuwa simjui muuaji. Nilimwaga dalili kila Ijumaa nikiamini mwisho utajileta wenyewe, na hadithi ya upelelezi haikubali hivyo. Mjue muuaji kabla hamjatuma sura ya kwanza.

Mara tatu nilijaribu kurudi, na mara zote tatu nilianza kwa kuipiga msasa sura ya 1. Nilichoka kabla ya kufika ya 5. Sura za zamani ziacheni kwanza, hata kama lugha yake inawaudhi. Mtazirekebisha mkishamaliza.

Mara ya nne nilinunua daftari. Nikaisoma hadithi yote kama msomaji, nikaandika kila jambo nililoahidi: nimelionyesha sura gani, nani analijua, nimelijibu au bado. Ahadi 23! Ndipo nikaona kilichokuwa kinanitisha. Ufunguo wa ghala niliuweka mfukoni mwa dereva katika sura ya 3. Katika sura ya 9 mjane anasema aliuona shingoni mwa marehemu usiku uleule. Nilikuwa nimesahau tu. Siku mbili nilitafuta namna ya kufuta sentensi moja, kisha nikajiuliza: je, kama mjane anasema uongo? Kosa langu likawa uongo wake, na kwa uongo huo nikampata muuaji niliyemkosa miaka yote. Kwa hiyo mkikuta mambo mawili yanapingana, msikimbilie kufuta. Waulizeni wahusika kwanza.

Ahadi 9 nilizijibu kikamilifu. Nyingine nilizifunga mbili mbili katika tukio moja, na chache nikaziacha, maana hakuna msomaji aliyekuwa akizingoja. Kisha nikaandika sura ya mwisho kwanza, ndipo nikarudi nyuma kujenga daraja la sura tatu.

Sauti ilinisumbua zaidi. Baada ya miaka sita, Bwana Msa alikuwa akizungumza kama mimi, kwa Kiswahili cha barua za ofisini. Nikarudi kwenye vitabu vyenyewe, nikasoma mazungumzo yake kwa sauti jioni nne mfululizo bila kuandika neno. Jioni ya tano alikuwa anasema mwenyewe. Hili halina njia ya mkato, nami naliona ndilo deni la shabiki kwa mtunzi aliyemwazima mhusika wake.

Na msifungue sura ya kurudi kwa kurasa za kuomba radhi. Mwandishi Mwingereza Arthur Conan Doyle alimwangusha mpelelezi wake, Sherlock Holmes, kwenye maporomoko ya Reichenbach mwaka 1893, akamfufua mwaka 1903. Hadithi ile ya kurudi inaanza na mauaji mapya kule London. Holmes anajitokeza baadaye, amejigeuza mzee wa kuuza vitabu, ndipo anaeleza alikokuwa. Nami nilifanya hivyo: sura ya 12 inaanza na mlango kufunguliwa. Radhi niliomba kwa mstari mmoja, nje ya hadithi.

Kama kumaliza kumeshindikana kabisa, andikeni ukurasa mmoja unaosema nani alifanya nini na kwa nini, muwape waliongoja. Archive of Our Own, hazina ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa mwaka 2009, inamruhusu mtunzi kuiacha kazi yake yatima: jina lake linaondoka, hadithi inabaki kwa wasomaji. Hata hilo ni afadhali kuliko kufuta. Mimi nilikuwa nimekwisha kuipoteza sura ya 6, simu yangu ilipokufa. Nilipouliza kwa wasomaji wa zamani, wawili walijibu siku ileile. Walikuwa nayo, pamoja na nyingine zote kumi, na mmoja alitaka kujua kama Bwana Msa bado yuko mlangoni.