Simamisheni majaribio hayo kwanza: data isiyo na uhakikisho wa ubora haitapita kwa mdhibiti

Mleta mada, simamisheni majaribio hayo leo. Umeandika kwamba kampuni yenu huko Marekani inabuni kinu kidogo cha nyuklia kinachopozwa kwa mzunguko wa asili wa maji, kwamba mtambo wa majaribio umeshaanza kutoa data, na kwamba mshauri wenu amewaambia mpango wa uhakikisho wa ubora utaandikwa baadaye, wakati wa kuandaa maombi ya kuidhinishiwa muundo. Kisha ukauliza mfuate njia ipi ya leseni na mtenge fedha kiasi gani. Hayo mawili yanaweza kusubiri. La mshauri haliwezi, kwa sababu ushauri huohuo, karibu kwa maneno yaleyale, ndio ulioiangusha kampuni niliyokuwa nikifanya kazi katika kitengo chake cha uchambuzi wa usalama.

Kanuni zenyewe hazina utata. Tangu 1970, Kiambatisho B cha Sehemu ya 50 ya kanuni za Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, NRC, kina vigezo 18 vya uhakikisho wa ubora, na miongoni mwake vimo udhibiti wa usanifu, wa majaribio, wa vifaa vya kupimia na wa kumbukumbu. Kifungu cha 50.43(e) cha Sehemu hiyohiyo nacho kinamtaka mwombaji ambaye muundo wake unategemea njia mpya au za asili za kulinda usalama aonyeshe, kwa uchambuzi, majaribio, uzoefu au mchanganyiko wa hivyo, kwamba kila kipengele cha usalama kitafanya kazi yake, na awe na data ya kutosha kupima uwezo wa programu za kompyuta anazotumia kuchambua ajali. Maana yake ni kwamba uchambuzi wote wa ajali katika sura ya 15 ya ripoti yenu ya usalama umesimama juu ya programu, na programu imesimama juu ya data ya mtambo huo mnaouendesha sasa bila utaratibu.

Kwetu mshauri alikuja na sifa ya kuzijua taratibu za NRC, akawaambia wakuu wetu kwamba wakaguzi huangalia fizikia na wala hawajali makaratasi. Mtambo ukaendeshwa, michoro ikatoka mizuri, maombi yakapelekwa. Siku wakaguzi walipokuja kuipitia data, mmoja wao aliweka kidole kwenye nukta moja ya mchoro wa joto, akauliza nukta ile imetoka kwenye kipimajoto kipi na cheti chake cha ugezi, yaani cha kuthibitisha kwamba kinapima sawasawa, kiko wapi. Cheti hakikuwapo. Daftari la maabara lilionyesha, kwa penseli, kwamba kipimajoto namba 14 kilibadilishwa katikati ya mfululizo wa majaribio. Halikuandikwa jina la aliyekibadilisha, wala namba ya kifaa kipya, wala kilipolinganishwa na kipimo cha rejea.

Naomba uelewe kwamba mkaguzi yule hakuwa akitafuta visingizio. Katika mzunguko wa asili hakuna pampu. Kinachoyasukuma maji ni tofauti ya uzito kati ya maji ya moto yanayopanda kutoka kwenye kiini na maji yaliyopoa yanayoshuka, na tofauti hiyo inatokana na joto. Nguvu yenyewe ni ndogo, kwa hiyo kosa la nyuzi chache tu kwenye kipimajoto linaweza kuyavuruga makadirio ya mtiririko, na hapo huwezi tena kusema kwa uhakika kama kiini kitaendelea kupozwa umeme ukikatika.

Baada ya swali hilo kila kitu kilisimama. Ipo njia ya kuihalalisha data ya zamani: kuonyesha kwamba ilikusanywa chini ya utaratibu unaolingana na kiwango kinachotakiwa, kuipitisha mbele ya jopo huru la wataalamu, au kurudia sehemu ya majaribio ili kuithibitisha. Utaratibu hatukuwa nao, na jopo lisingekuwa na kumbukumbu za kusoma, kwa hiyo ilibaki kuufumua mtambo na kuufungia upya vifaa vyenye vyeti. Wakati huo saa za wakaguzi ziliendelea kulipiwa, kwa kiwango kilichokuwa takriban dola 300 kwa saa, na kila sura iliyogusa mtiririko wa maji ilirudi mezani. Wafadhili walijitoa kabla ya majaribio mapya kukamilika. Watu waliokuwa wamehamisha familia zao kwa ajili ya kazi ile walirudishwa nyumbani. Mshauri alikuwa ameshalipwa, na nilisikia kwamba mteja aliyefuata alipewa maneno hayohayo. Hasira yangu juu yake haijapoa, na nikisoma unavyomnukuu wako inapanda upya.

Tazameni waliofanikiwa walivyofanya. Muundo wa AP600, kinu cha kampuni ya Westinghouse kilichoidhinishwa 1999, ulipimwa kwenye mtambo wa Chuo Kikuu cha Oregon State wenye robo ya kimo halisi na pia kwenye mtambo wa SPES-2 nchini Italia wenye kimo kamili na shinikizo kamili, kwa sababu mtambo mfupi hauwezi peke yake kusema yote kuhusu maji yanayosukumwa na kimo. Juu ya hayo, NRC ilifanya majaribio yake yenyewe ya kuthibitisha, yakiwemo ya mtambo wa ROSA nchini Japani. Kampuni ya NuScale, yenye kinu kidogo cha mzunguko wa asili, nao walianza mazungumzo na Tume 2008, wakapeleka maombi mwishoni mwa 2016, na ripoti ya mwisho ya usalama ikatoka Agosti 2020. Wenyewe wamesema kazi hiyo iligharimu zaidi ya dola milioni 500. Upande wa pili, kampuni ya Oklo walikataliwa Januari 2022 kwa kinu cha megawati 1.5 tu, kwa sababu maelezo kuhusu ajali kubwa kabisa inayoweza kutokea na kuhusu uainishaji wa vifaa vya usalama hayakutosha. Udogo wa kinu haupunguzi ushahidi unaodaiwa.

Kuhusu njia ya leseni, iwe Sehemu ya 50 (kibali cha ujenzi kwanza, kisha leseni ya uendeshaji) au ya 52 (muundo kuidhinishwa mapema au leseni moja ya pamoja), Kiambatisho B kitawakuta kote.

Kwa hiyo andikeni mpango wa uhakikisho wa ubora sasa, muupeleke NRC kama ripoti ya mada, yaani ripoti ya suala moja inayopitiwa peke yake, ili uidhinishwe mapema, kabla ya maombi. Mkataba na maabara useme wazi kwamba itafanya kazi chini ya mpango huo, na mwende kuikagua wenyewe. Orodhesheni kila kipimajoto na kila kipimashinikizo pamoja na cheti chake. Data mliyokwisha kuikusanya itumieni kujifunza tu. Na mshauri wenu mwambieni aandike, kwa sahihi yake, data hiyo itahalalishwa kwa njia ipi kati ya hizo tatu na kwa gharama ya nani. Asipoandika, msimlipe.