Jibu: Mama yuko mwezi wa nne baada ya kiharusi na bado anakokota mguu, tuuze kiwanja au tununue mashine?

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Nimesoma swali lako na majibu ya wenzangu hapo juu, nikaona niandike kwa urefu, maana mimi ni mgonjwa wa kiharusi mwenyewe, si wa kuhadithiwa. Umesema mama upande wa kulia ndio uliolegea, maneno yanamtoka kwa taabu, akishikwa anasimama na kupiga hatua chache. Hospitali mmeambiwa ambacho hakikurudi ndani ya miezi mitatu hakirudi tena. Ndugu zako nao wamegawanyika: mmoja ataka kiwanja kiuzwe mama apelekwe India akatembezwe na roboti, mwengine ameona tredmili, ile mashine ya kutembelea papo hapo, ya mtumba hapo mjini.

Msiuze kiwanja. Tredmili nayo iacheni hapo ilipo. Pesa mliyo nayo, iwe kidogo iwe nyingi, mlipeni mtu wa fizio, yule wa tiba ya mazoezi, awe anakuja hapo nyumbani Likoni, Mombasa.

Hilo la miezi mitatu halikuzuliwa. Miaka ya 1990 kule Copenhagen walifuatilia wagonjwa 804, wakakuta 95% yao walifikia uwezo wao bora wa kutembea ndani ya wiki 11. Lakini angalia walipima nini. Kipimo kilikuwa cha jumla: huyu atembea mwenyewe, huyu ashikwe, huyu hawezi. Mtu anayevuka sebule peke yake na mtu anayekwenda sokoni na kurudi wanaweza kuandikwa kundi moja, na tofauti yao ni maisha mazima.

Utafiti nilioushikilia mimi ni wa Marekani, unaitwa LEAPS, ulitoka 2011. Wagonjwa 408 waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza walitembezwa kwenye tredmili huku wamening'inizwa kwa mikanda ipunguze uzito, kuanzia mwezi wa pili baada ya kiharusi. Wa pili walifanyiwa hayo hayo, ila wakaanza mwezi wa sita. Wa tatu hawakuguswa na mashine: mtu wa fizio aliwafuata nyumbani na kuwapa mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha, akiongeza ugumu kidogo kidogo. Wote walipangiwa vipindi hadi 36, kila kimoja saa moja na nusu. Mwaka ulipotimia, 52% ya wote walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na makundi hayakupitana. Mashine ghali haikumshinda mtu aliyebisha hodi. Tena wale walioanza mwezi wa sita nao walisogea, kwa hivyo mwambie aliyekufungia mlango mwezi wa tatu kwamba haujafungwa. Na kwa wale waliokuwa na hali mbaya, kuanguka mara kwa mara kulionekana zaidi kwa waliowahishwa kwenye tredmili. Hiyo ni tredmili yenye mikanda na wataalamu wamesimama kando. Hiyo ya mtumba haina mikanda, na atakayesimama kando ni wewe.

Roboti si uongo, tusidanganyane. Mapitio ya Cochrane, shirika linalopima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti nyingi yanaonyesha mashine hizo, zikienda pamoja na fizio, huongeza nafasi ya mtu kutembea bila kushikwa. Wanaofaidika zaidi ni walio ndani ya miezi mitatu ya kwanza na hawawezi kutembea kabisa. Mama amepita hapo, na anapiga hatua. Ingekuwa mashine iko mtaa wa pili ningesema mpelekeni. Kwa bei ya kiwanja, hapana.

Sasa yangu. Nilikuwa karani wa kliaringi bandarini, nakaa Mji wa Kale, presha naijua na dawa nameza nikikumbuka. Kiharusi kilinipiga upande wa kushoto. Maneno yalibaki, ila kushoto kwangu kulipotea: kila mlango niliupita kwa kugonga bega la kushoto kwenye mwimo, na chakula nilibakisha nusu ya sahani nisiyoiona.

Yule dada wa fizio siku ya kwanza hakunitembeza hata hatua. Alileta mizani miwili ya bafuni, ile ya kupimia uzito, akaiweka chini, mguu huku mguu huku, akaniambia nisimame sawa. Nikasimama, nikamwambia niko sawa. Akaniambia nitazame chini. Mshale wa kushoto ulikuwa umesoma kilo kumi na kitu, na mimi ni mtu wa zaidi ya sabini. Mwili ulinihakikishia niko wima, kumbe nauegemeza wote kulia. Kwa kipindi kizuri kazi yetu ikawa hiyo tu: kuusukuma ule mshale wa kushoto upande juu. Halafu kuinuka kitini bila kushika kitu, mguu mbovu ukiwa umerudishwa nyuma kidogo kuliko mzima ili ulazimike kubeba. Halafu kukanyaga kigoda na kushuka. Jirani wakisema huyu alipwa kwa kumketisha na kumsimamisha mtu! Waache. Kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja, kisha mwengine. Asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja atakokota tu, hata umzungushe Kisiwa chote.

Kuna kipimo kinaitwa Berg, mwulize fizio wako akifanye mwanzo na baada ya kila mwezi. Ni vitendo 14, alama zake 56: kuinuka, kuketi, kuokota kitu chini, kugeuza uso kutazama nyuma kwa bega hili na lile, kusimama kwa mguu mmoja. Mimi nilikuwa nikipepesuka nikigeuza uso tu nimesimama, na ndipo nilipoelewa kwa nini kugeuza shingo tu kumewekewa alama.

Kingine ambacho hakuna aliyenionya ni salamu. Mnaujua Mji wa Kale. Ukitoka mlangoni, kila baraza ina mtu, na kila mtu ataka habari za wewe, za watoto na za mguu. Mimi nilikuwa siwezi kujibu "njema" na kutembea kwa pamoja. Ama nisimame nijibu, ama nijibu nipepesuke. Wasweden waliandika mwaka 1997 kuhusu wazee wa namna hiyo, wanaosimama wakisemeshwa njiani, kwamba ndio walioanguka zaidi miezi iliyofuata. Fizio akalifanya zoezi: natembea ukumbini, yeye ananiuliza bei ya mchele, na mke wangu anaongeza maswali yake ambayo sikuyapenda. Kwa mama, ambaye maneno yamemgomea, anzeni na kumbebesha kitu chepesi kwa mkono mzima huku anatembea. Na mnapomwelekeza, onyesheni kwa vitendo. Msimmiminie maelezo, wala msiseme watu watatu kwa pamoja.

Mwendo wenyewe upimeni. Chora mita 10 uani, mpe nafasi ya kuanzia kabla ya mstari, shika saa. Wataalamu hutumia mipaka ya mwaka 1995: chini ya mita 0.4 kwa sekunde ni mtu wa ndani ya nyumba, kufika 0.8 ni mtu wa nje kwa mipaka. Zaidi ya hapo anaweza kwenda zake. Yaani mita 10 zikimchukua zaidi ya sekunde 25, bado ni wa ndani. Zikishuka chini ya 12 na nusu, mzungumzie kuvuka Digo Road, tena mchana na mtu ubavuni.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba familia inatosha, fizio ni kupoteza pesa. Samahani, sikubaliani naye. India walilijaribu hilo hilo kwa wagonjwa 1,250 katika hospitali 14: jamaa walifundishwa wakaendesha mazoezi nyumbani. Matokeo yalitoka 2017, na hayakupita ya wale waliopata huduma ya kawaida. Familia ni ya kurudia zoezi kila siku, hilo fizio hawezi. Lakini kuona kwamba nyonga inadanganya, na kujua lini pa kuongeza ugumu, hiyo ni kazi ya jicho lililosomea.

Na yule dada aliyesema baba yake amelazwa jana na jamaa wanataka atembezwe leo kwa nguvu: taratibu. Utafiti wa AVERT wa 2015, wagonjwa 2,104, ulikuta kuwatoa watu kitandani kwa wingi ndani ya saa 24 za mwanzo kuliwapunguzia nafasi ya kupona vizuri. Muulizeni daktari wa wodi. Kidogo kidogo na mara nyingi ndiko kulikoonekana bora.

Mambo madogo, ila ndiyo yanayowaangusha watu. Kandambili zitoeni nyumbani kabisa. Mguu unaoning'inia vidole havijui kuzishika, na ncha inanasa kwenye zulia au kizingiti. Atafutiwe kiatu cha kufunga nyuma, na fizio akisema aongezewe kile kibati cha plastiki kinachoshika kifundo, ulizeni APDK, chama cha walemavu wa viungo Kenya. Bakora ishikwe mkono mzima, wa kushoto kwake. Ngazi: kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize mbovu. Msimwinue kwa kuvuta ule mkono uliolegea, bega hutoka mahali pake. Presha ipimwe kabla ya mazoezi, na akisema kifua au kizunguzungu, simamisheni papo hapo.

Ukimvusha feri kwenda kliniki, tazama maji kwanza. Yakiwa yamekupwa, ile miteremko ya kuingilia huwa mikali, na umati haungoji mgonjwa. Maji yakijaa panakuwa karibu tambarare. Ombeni kliniki iwape saa kulingana na hilo, wakikataa tumieni kiti cha magurudumu mpaka ng'ambo, kisha ateremke atembee.